Kutoka Mshiriki Hadi Mshirika: Namna ya Kufanya Utafiti wa Afya Pamoja na Watu Wenye Matatizo ya Mawasiliano

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre jirani na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa aitwaye Louis Victor Leborgne. Kwa miaka mingi mtu huyu hakuweza kutamka karibu chochote isipokuwa silabi moja, "tan", aliyoirudia mara mbili mbili kila alipoulizwa jambo, hata pale hospitalini wakawa wanamwita Tan. Broca alimuuliza amekaa hapo miaka mingapi. Leborgne akafungua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vilevile. Alipoulizwa mara ya tatu alitambua kwamba anajaribiwa tu, akakasirika. Muda mfupi baadaye alifariki, ubongo wake ukachunguzwa, na mpaka leo wanafunzi wa tiba hufundishwa eneo la ubongo lililopewa jina la Broca.

Kila ninapoisoma habari hiyo huwa nasimama kwenye kile kidole cha mwisho. Mtu yule alikuwa na jibu, alikuwa na njia ya kulitoa, na alikuwa na maoni kuhusu swali lenyewe, kwamba sasa limetosha. Sayansi ilichukua ubongo wake. Maoni yake hakuna aliyeyahitaji.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayopishana kwa irabu moja: mshiriki na mshirika. Mshiriki wa utafiti hupimwa, huhojiwa, hujaza dodoso. Mshirika huketi upande wenu wa meza mnapoamua kitaulizwa nini, kwa njia gani, na majibu yana maana gani. Mwongozo huu ni wa kumfikisha mtu mwenye tatizo la mawasiliano kwenye neno hilo la pili. Nimeuandika kwa ajili ya watafiti, waratibu wa miradi na wanafunzi wa shahada za juu. Mimi mwenyewe nimekuwa mratibu, na mengi niliyoyaandika humu nimeyajua baada ya kuyakosea.

Kabla ya yote: jua tatizo liko wapi

"Matatizo ya mawasiliano" ni mwavuli mpana. Afasia, ambayo mara nyingi huletwa na kiharusi, huvuruga lugha yenyewe: kulipata neno, kuunda sentensi, kuelewa yanayosemwa, kusoma na kuandika. Takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi huwa nayo, kwa hiyo utafiti wa kiharusi unaowaacha nje watu hawa umeacha nje sehemu kubwa ya wagonjwa wake. Dizathria ni kitu kingine. Misuli ya kinywa na koo hulegea au hukakamaa, maneno yakatoka mazito, ilhali lugha kichwani ni nzima. Mwenye kigugumizi anajua barabara anachotaka kusema. Aliyeondolewa kikoromeo kwa sababu ya saratani hana sauti yake ya awali, lakini mpe kalamu uone. Mtu mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa anatumia bodi ya alama au kifaa kinachomsemea. Wapo pia wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wenye ugonjwa wa Parkinson, wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Viziwi wanaotumia lugha ya alama wana lugha kamili, na hitaji lao la kwanza ni mkalimani. Hilo lina taratibu zake na sitaliingia hapa.

Kosa linalotuponza wengi ni kupima akili ya mtu kwa wepesi wa ulimi wake. Tomas Tranströmer, mshairi wa Sweden, alipata kiharusi mwaka 1990 kilichomwondolea sehemu kubwa ya usemi na kumpooza mkono wa kulia. Baada ya hapo aliendelea kutoa mashairi, akapiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Si lazima mshirika wako awe mshairi. Ila ukimwona mtu anahangaika na neno, usikimbilie kuamua kwamba ndani hamna kitu.

Hatua ya 1: Wakaribishe kabla swali halijafungwa

Miradi mingi huwaita watu wakati itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, imeshaandikwa, fedha zimeshapatikana na dodoso limeshachapwa. Kinachobaki ni kuuliza kama rangi ya kipeperushi inapendeza. Sherry Arnstein, katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu ushiriki wa wananchi, alichora ngazi yenye vipago vinane, kuanzia kuwahadaa watu kule chini hadi kuwaachia mamlaka kule juu. Kabla ya kumwita yeyote, jiulize kwa uaminifu unamwita apande kipago gani, na umwambie hivyo hivyo. Mtu anaweza kukubali kazi ndogo kwa moyo mkunjufu kama ameambiwa ni ndogo. Kinachoudhi ni kuitwa mshirika halafu kufanywa pambo.

Faida ya kuwahi inaonekana hasa katika kuchagua matokeo ya kupimwa. Katika utafiti mmoja wa nchi kadhaa, watu wenye afasia na jamaa zao waliulizwa tiba iwaletee nini. Kuwasiliana vizuri zaidi kulitajwa, kama ambavyo mtaalamu yeyote angetarajia. Lakini walitaja pia kurudi katika maisha ya watu, na kutaka jamii ibadilishe mtazamo wake na kuifahamu hali yao. Mtafiti aliyejifungia ofisini na orodha ya vipimo vya kutaja majina ya picha asingefika huko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa vitendo: tafuta angalau watu wawili wakati bado una wazo tu katika ukurasa mmoja. Wapelekee wazo hilo pamoja na maswali matatu. Je, jambo hili lina umuhimu kwako? Tumesahau nini? Tupime nini ili tujue kama limefaa?

Hatua ya 2: Andika muda na gharama kwenye bajeti

Hapa ndipo nia njema huzama. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa maneno kati ya 120 na 180 kwa dakika. Anayetumia kifaa cha kumsemea mara nyingi hafikishi 15. Ukipanga kikao cha saa moja chenye ajenda saba, umeshaamua kwamba mtu huyo hatasema kitu, hata kama hukukusudia.

Kanuni ninayoitumia ni hii: chukua muda ambao ungeupanga kwa kikao cha kawaida, uuzidishe kwa mbili au tatu, kisha upunguze ajenda hadi zibaki mbili. Tatu zikizidi. Weka mapumziko kila baada ya dakika 30 au 40, kwa sababu uchovu hula lugha. Mtu aliyekuwa akijieleza vizuri saa nne asubuhi anaweza kukosa maneno kabisa ifikapo saa sita.

Kwenye bajeti viandikwe: malipo ya mshirika, yakiwemo ya muda wa kujiandaa nyumbani, malipo ya msaidizi wake wa mawasiliano, yakiwa fungu la peke yake, usafiri wa wote wawili, saa za mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, kuandaa nyaraka rahisi na picha, mafunzo kwa timu yenu. Hilo la mwisho husahaulika zaidi, na nitalirudia. Mfadhili akihoji, mwambie hizi ni gharama za utafiti kama zilivyo gharama za maabara.

Hatua ya 3: Tafuta watu, na si wale wepesi tu

Pita kwenye kliniki za tiba ya usemi, vikundi vya walionusurika kiharusi, vyama vya watu wenye ulemavu, vituo vya mchana. Tangazo la maandishi peke yake halitoshi kwa watu ambao huenda kusoma ndiko kunakowashinda. Nenda ana kwa ana, au tuma video fupi ambamo mtu anaeleza polepole huku maneno makuu yakionekana.

Utakutana na walinda mlango: muuguzi, mtoto, mume, anayesema "huyu hataweza." Huenda anasema kwa huruma. Mshukuru, kisha omba umwone mhusika mwenyewe. Na ujilinde na kishawishi cha kuchagua wale wanaozungumza karibu kama wewe. Ni rahisi kufanya nao kazi, lakini ukiwachukua hao tu, mradi utajengwa juu ya uzoefu wa waliopata nafuu kubwa, na wale mnaodai kuwatafitia watabaki nje ya mlango. Chukua wawili au watatu wenye shida tofauti. Mtu mmoja peke yake mezani pa wataalamu sita huelemewa, tena mnamtwisha mzigo wa kuwasemea wote.

Hatua ya 4: Kutana na kila mmoja peke yake kwanza

Kabla ya kikao chochote cha pamoja, keti na mshirika, mahali patulivu anapopachagua yeye, mtengeneze ukurasa mmoja unaoeleza namna anavyowasiliana. Ukurasa huo ndio kifaa chako cha thamani kuliko vyote. Uwe na majibu ya mambo haya: Husema ndiyo vipi na hapana vipi, kwa neno, kichwa, kidole gumba, macho? Husoma neno, sentensi, au aya? Huandika, au huandika herufi ya kwanza tu? Anataka asaidiwe kutafuta neno, au anataka aachwe alitafute? Akichoka huonyeshaje? Ni wakati gani wa siku akili yake huwa kali?

Hakikisha ile ndiyo na hapana kwa maswali ambayo jibu lake mnalijua nyote. Wapo wenye afasia ambao ulimi husema "ndiyo" ilhali kichwa kinatikisika kukataa. Mkubaliane mapema kipi kinaaminika. Kisha msomee aliyoyasema, ayakubali, na muulize kama anaridhia timu nzima iuone ukurasa huo. Ni wake, si wa faili lako.

Hatua ya 5: Andaa nyaraka zinazosomeka

Tuchukue sentensi ambayo ungeikuta kwenye ajenda yoyote ya watafiti:

"Timu inaomba maoni yenu kuhusu kukubalika kwa ratiba ya ufuatiliaji iliyopendekezwa, ambayo itahusisha tathmini tatu katika kipindi cha miezi kumi na miwili."

Sasa ione hivi:

"Tutapima wagonjwa mara 3 kwa mwaka 1.
Je, mara 3 ni sawa?
Nyingi mno / Sawa / Chache mno"

Maana ni ileile. Ya pili inaweza kujibiwa kwa kidole.

Lugha yetu ina mitego yake, na miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haitakuonya. Mtego wa kwanza ni kitenzi. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, urejeshi na mtendewa kwa pamoja. "Tutakaowahoji" ni neno moja kwa macho, lakini ni sentensi nzima kwa mtu mwenye afasia. Livunje: "Watu hawa. Sisi tutawahoji." Mtego wa pili ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Hujachoka?" na mtu akajibu "ndiyo", amesema nini? Wengine humaanisha "ndiyo, sijachoka", wengine "ndiyo, nimechoka." Anayezungumza kwa ufasaha atafafanua. Ambaye ndiyo na hapana ndizo silaha zake pekee hawezi, na utaondoka na jibu lililo kinyume cha alichokusudia. Uliza kwa kukubali: "Umechoka?" Mtego wa tatu ni nomino za ofisini, tathmini, utekelezaji, uwezeshaji. Karibu kila moja ina kitenzi chepesi nyuma yake: kupima, kufanya, kusaidia.

Mengine ni ya kawaida. Herufi kubwa kiasi, ukubwa wa 14 au zaidi. Wazo moja kwa sentensi. Nafasi tupu ya kutosha. Tarakimu badala ya maneno ya hesabu. Picha pale tu inapobeba maana, na iwe picha ya watu wazima. Vikatuni vya chekechea ni matusi kwa mtu aliyelea wajukuu. Tuma nyaraka wiki moja kabla, na mpigie au mtembelee mshirika siku mbili kabla ya kikao mzipitie pamoja. Maandalizi hayo ya nusu saa huokoa kikao kizima.

Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Kuanzia miaka ya 1990, huko Toronto, mtaalamu Aura Kagan na wenzake walijenga mbinu ya mazungumzo yanayosaidiwa kwa ajili ya watu wazima wenye afasia. Msingi wake una pande mbili. Kwanza, mwonyeshe mtu kwamba unatambua uwezo wake, hata kwa kumwambia waziwazi, "Najua kwamba unajua." Pili, mpe njia za kuutoa uwezo huo nje: maneno makuu yaliyoandikwa, ishara, picha, michoro. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 2001, watu wa kujitolea 20 walifundishwa mbinu hiyo wakalinganishwa na 20 ambao hawakufundishwa. Waliofundishwa walifanya vizuri zaidi, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba wenye afasia waliozungumza nao pia walionekana kuwasiliana vizuri zaidi, ingawa wao hawakufundishwa chochote. Nusu ya tatizo ilikuwa upande wa pili wa mazungumzo. Ndiyo maana nimesema mafunzo kwa timu yenu yawe kwenye bajeti: profesa, mchambuzi wa takwimu, na yule anayeandika kumbukumbu, wote.

Inakuwaje kwa vitendo? Tuseme mnajadili mahojiano yafanyike wapi. Mshirika mwenye afasia anasema, "Hapana... hapana... ile... nyumbani." Mwenyekiti mwenye haraka atasema, "Vizuri, Mama anapendekeza tuwahoji nyumbani," na kuendelea. Katibu ataandika. Kila mtu ataona ushirikishwaji umefanyika.

Mwenyekiti aliyefundishwa anachukua kalamu nene na kuandika NYUMBANI kwenye karatasi, mbele ya Mama. Anauliza, "Mama, nyumbani ni pazuri, au kuna shida?" Anaandika PAZURI na SHIDA. Kidole kinaenda kwenye SHIDA. "Shida ni mahali, watu, au kitu kingine?" Anaandika vyote vitatu. Kidole kinatua kwenye WATU. "Watu wa nyumbani wanakuwapo, wanasikia?" Anatikisa kichwa kukubali, kisha anaweka kiganja mdomoni na kukielekeza kwa mtu wa pembeni. "Wanajibu badala yako?" Ndiyo, kwa nguvu. Mwenyekiti anarudia yote tangu mwanzo huku akionyesha maandishi: "Tukihoji nyumbani, jamaa wanajibu badala ya mgonjwa. Sivyo? Sawasawa?" Sawasawa.

Dakika nne zimetumika, na mmepata kasoro ya kimbinu ambayo ingeharibu data zenu zote. Kumbukeni kwamba kwa yule mwenyekiti wa kwanza, katibu aliandika kinyume chake.

Yaliyomo katika mfano huo ndiyo yenyewe ya kujifunza. Swali moja kwa wakati mmoja. Anza na mada pana, kisha shuka. Weka "kitu kingine" kila unapotoa machaguo, kwa sababu huenda jibu lake halimo kwenye orodha yako. Andika huku unasema. Ukimaliza, rudia ulichoelewa na umpe nafasi ya kukataa. Na uache kimya kifanye kazi. Sekunde kumi za kimya ni ndefu sana kwa aliyezoea kuongea; zihesabu kimoyomoyo kabla hujafungua mdomo. Usimmalizie mtu neno ila kama amekuruhusu kwenye ule ukurasa wake. Usijifanye umeelewa. Kusema "samahani, sijakuelewa, tujaribu njia nyingine" ni heshima kubwa kuliko kutikisa kichwa kwa adabu, na watu hawa wameshatikisiwa vichwa vya kutosha.

Machache zaidi kuhusu mpangilio. Kikundi kisizidi watu sita. Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja. Wekeni kadi ya "subiri" mezani ambayo yeyote anaweza kuiinua. Zima feni yenye kelele, funga dirisha la barabarani. Kura na vipaumbele vifanyike kwa kadi: kila jambo kwenye kadi moja yenye picha na neno, mshirika anaziweka upande wa "muhimu", "katikati" au "si muhimu". Mbinu ya namna hiyo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti, na ina uzuri mmoja: mwisho wa kikao unapiga picha meza, na hiyo ndiyo kumbukumbu. Kwa mikutano ya video, tumia kamera karibu na uso, andika maneno makuu kwenye skrini, na kikao kiwe kifupi zaidi. Wapo wenye dizathria wanaopendelea kuandika kwenye gumzo la pembeni. Basi awepo mtu mwenye kazi moja tu, kulisoma gumzo hilo kwa sauti.

Hatua ya 7: Jamaa na wasaidizi

Mume, mke, binti au msaidizi anaweza kuwa daraja zuri. Anaweza pia kuwa ukuta. Tenganisha mambo mawili tangu mwanzo: jamaa kama msaidizi wa mawasiliano, na jamaa kama mshirika mwenye maoni yake. Vyote ni halali. Anayemhudumia mgonjwa ana uzoefu ambao utafiti unauhitaji, mpe kiti chake na muda wake. Lakini anapokuwa msaidizi, kazi yake ni kumfikishia mwenzake maneno na kuyatoa, bila kuyaongezea.

Mwelekee mshirika, mtazame yeye, muulize yeye. Jamaa akijibu, mshukuru, kisha rudi: "Na wewe, ndivyo unavyoona?" Safari moja nilisahau kurudi. Kaka mtu alijibu maswali yote ya kikao, kwa ufasaha na wema, nami nikaandika ukurasa mzima. Tulipokuwa tunaagana, mshirika alichukua kalamu yangu, akachora mstari juu ya ukurasa ule kutoka kona hadi kona. Kikao kile tulikirudia.

Hatua ya 8: Maadili na ridhaa

Mshirika anayeshauri na kupanga pamoja nanyi si mhojiwa, na mara nyingi hahitaji kusaini fomu ya ridhaa kama ya wahojiwa. Anahitaji makubaliano ya kazi: atafanya nini, kwa muda gani, atalipwaje, siri zipi azitunze, anawezaje kuacha. Makubaliano hayo yawe katika lugha rahisi. Lakini kama maneno yake kwenye vikao yatachambuliwa kama data, ridhaa inahitajika, na kamati ya maadili ijue hivyo mapema.

Kamati ikisita, una pa kusimamia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika kifungu cha 2 unahesabu kuwa mawasiliano maandishi makubwa, lugha nyepesi na njia mbadala za kujieleza. Kifungu cha 12 kinataka watu wapewe msaada wanaouhitaji ili watumie uwezo wao wa kisheria. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1964, linaloweka kanuni za maadili ya utafiti wa tiba kwa watu, lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2024 lilisisitiza kuhusisha wahusika na jamii zao kabla ya utafiti, wakati unaendelea na baada yake.

Ridhaa ya mshiriki yeyote mwenye tatizo la mawasiliano ipitiwe na washirika wenu kabla haijatumika. Wao ndio watakaokuonyesha sentensi inayoteleza.

Hatua ya 9: Kazi wanazoweza kufanya

Usiishie kwenye ushauri. Uchambuzi wa mahojiano huonekana mgumu, lakini ukichagua dondoo fupi 20, ukazichapa kwenye kadi, na mtu akazisoma kwa sauti, washirika wanaweza kuzipanga katika mafungu na kuyapa majina. Mara nyingi watalivunja fungu lako wewe. Dondoo uliyoiweka chini ya "huzuni" wao wataiita "hasira", nao wanaijua hasira hiyo kwa ndani.

Mshirika anaweza pia kuhoji wenzake, akiwa na maswali yaliyoandikwa na mtu wa kuandika majibu. Wahojiwa hutulia wanapoona anayewauliza naye anatafuta maneno. Anaweza kuwafundisha wakusanya data kwa saa moja ya kuwaonyesha jinsi anavyopenda kusemeshwa. Anaweza kutoa mada mkutanoni, kwa sauti yake, kwa kifaa, au kwa video iliyorekodiwa siku njema.

Kuhusu uandishi wa makala: kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inataka mwandishi awe amechangia kwa dhati, ameshiriki kuandika au kusahihisha, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika. Hakuna sharti la kuandika aya. Mpitishe mshirika kwenye makala kwa toleo rahisi, sehemu kwa sehemu, akubali, akatae, aongeze. Jina lake liwekwe kama yeye anataka. Wengine hawataki, na hilo ni lao.

Hatua ya 10: Lipa, rudisha majibu, agana vizuri

Lipa kwa wakati na bila fomu za kurasa nne. Kama mtu anapokea msaada wa serikali au bima, muulizie kwanza kama malipo yatauathiri, kabla hujampa. Kikao kikivunjika kwa sababu mshirika ameugua, muda aliojiandaa ulipwe.

Weka daftari lenye safu tatu: mshirika alisema nini, tulifanya nini, na kama hatukufanya, kwa nini. Lipitieni pamoja kila baada ya miezi mitatu. Daftari hilo litakurahisishia pia kuandika ripoti, kwa sababu orodha ya GRIPP2, iliyotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya kuripoti ushirikishwaji wa wagonjwa na umma, inauliza hayo hayo, yakiwemo yaliyokwenda mrama.

Mradi unapokwisha, usimwache mtu agundue kwa kuona simu hazipigwi. Mwambie mwezi mmoja kabla. Mpelekee matokeo katika ukurasa mmoja anaoweza kuusoma, pamoja na nakala ya makala yenye jina lake kama lipo. Muulize, kwa kadi zilezile za mezani, kipi kilikuwa kizuri, kipi kibaya, na kama angependa kuitwa tena. Kisha mrudishie ule ukurasa wake wa mawasiliano. Akipenda, atauchukua kwenye mradi mwingine, au atampa daktari wake.